Service kubwa, service ndogo

"Kaka, samahani kidogo. Hii Service na hii service ni vitu viwili au ni kitu kimoja?"

Aliyeuliza ni binti aliyejiunga na timu yetu majuzi, msanidi mzuri na mwepesi wa kuona mambo. Tulikuwa kwenye simu ya video. Alikuwa ameshirikisha skrini yake, na kishale kilikuwa kinarukaruka kati ya sentensi mbili za aya moja katika nyaraka zetu za ndani. Juu: "Unda Service ya malipo." Chini: "Kama service ya malipo imeanguka, soma logi zake kwanza."

Nilifungua mdomo kumwambia ni kitu kimoja.

Nikaufunga.

Kwenye Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye mashine nyingi kwa pamoja, ni vitu viwili kweli. Service ya S kubwa ni kitu unachokitangaza kwenye klasta, yaani kundi la mashine hizo: jina na anwani isiyohama, inayopokea maombi na kuyapeleka kwa Pod zilizo nyuma yake (Pod ni kifurushi ambamo programu inaendeshwa), hata kama Pod hizo zinakufa na nyingine kuzaliwa mchana kutwa. Haina logi, yaani kumbukumbu za matukio, za kusoma. Ni maelekezo ya njia tu. service ya s ndogo ndiyo programu yenyewe, msimbo ulioandikwa na watu, ambao unaweza kuanguka saa nane usiku ukamwamsha mtu. (Ndiyo, nimeanza sentensi kwa herufi ndogo. Tutafika huko.)

Kwa hiyo aya ile ilikuwa sahihi. Nikamweleza, akashukuru, akaendelea kusoma. Hazikupita dakika nyingi akarudi: "Na hapa panaposema 'washa upya Service'?"

Hapo sasa hapakuwa na maana yoyote. Service haizimwi wala haiwashwi upya. Ukiitafuta amri ya kufanya hivyo utatafuta mpaka uchoke. Aliyeandika alimaanisha programu, ila neno lilionekana muhimu kwake, akalipa S kubwa.

Ukurasa mmoja herufi kubwa imebeba maana, ukurasa unaofuata ni pambo. Msomaji mgeni atajuaje?

## Heshima

Sisi watu wa Kiswahili tunapenda herufi kubwa kwa ajili ya heshima. Soma barua yoyote ya ofisi: Mkurugenzi, Idara, Kikao, Mradi, Serikali. Hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu herufi hiyo haidai kwamba hiki ni kitu tofauti. Inadai adabu tu.

Tabia hii huingia kwenye nyaraka za programu bila kupiga hodi. Meneja wa bidhaa anataka Dashibodi. Aliyejenga sehemu ya ripoti anataka Ripoti. Mhandisi aliyekesha juu ya foleni ya ujumbe anataka Foleni, na ukimpunguzia herufi atanyamaza, lakini utaona amechukia. Mwishowe ukurasa mzima umejaa waheshimiwa, na msomaji hajui ni neno lipi kati ya hayo anaweza kulichapa kwenye terminali, lile dirisha la amri, likakubalika.

Kuna maandishi mengine ya Kiswahili, hata hivyo, ambamo herufi kubwa inafanya kazi ngumu zaidi. Mkataba wa pango. Ukurasa wa kwanza unamtaja fulani bin fulani, "ambaye katika mkataba huu ataitwa Mpangaji". Kuanzia hapo Mpangaji ni yule mmoja aliyeweka sahihi, si mpangaji yeyote wa nyumba yoyote. Mkataba ukianza kuchanganya, mara Mpangaji, mara mpangaji, mwanasheria mjanja ameshapata pa kuingilia.

Nyaraka za Kubernetes ziko upande wa mkataba. Ndani ya faili ya YAML, yaani faili ya mipangilio, `kind: Service` ni jina lililokwisha kufafanuliwa. Andika `kind: service` na klasta itakataa, itakuambia haiijui aina hiyo. Lakini papo hapo, kwenye amri, unaandika `kubectl get services`, herufi ndogo na wingi juu yake. Na jina unaloipa Service yako mwenyewe sharti lisiwe na herufi kubwa hata moja, kwa kuwa linafuata kanuni za DNS, mfumo wa majina ya intaneti. Dhana moja ina sura tatu, zote sahihi, na zote zinaweza kukutana kwenye aya moja.

Ndiyo maana ile sheria inayopendekezwa kila mara kwenye vikao vyetu, "tuchague moja tuitumie kila mahali", imekuwa ikinikera.

Moja ipi?

## Miaka 20 ya MUST na must

Wakubwa walishapita njia hii. Machi 1997 ilitolewa RFC 2119, hati fupi ya Scott Bradner inayofafanua maneno ya masharti katika viwango vya intaneti: MUST ni lazima, SHOULD ni inapaswa, isipokuwa uwe na sababu nzito, MAY ni hiari yako. Viwango visivyohesabika vinaitegemea. Na hati hiyo, ikigusia namna ya kuyaandika maneno hayo, ikasema kwamba mara nyingi huwa kwa herufi kubwa.

Mara nyingi.

Hapo ndipo ubishi ulipopata mlango. Ukikuta "must" ya herufi ndogo kwenye kiwango, je, ni sharti, au mwandishi anaongea tu? Anayeunda programu ya kutuma na anayeunda programu ya kupokea wanaweza kusoma sentensi hiyohiyo, kila mmoja akaondoka na jibu lake, na baadaye programu zao zisielewane.

Jibu lilikuja Mei 2017, miaka 20 baadaye: RFC 8174 ya Barry Leiba, kurasa chache tu. Inasema maneno yale yana maana yake maalumu pale tu yanapoandikwa kwa herufi kubwa zote. Yakiwa madogo ni Kiingereza cha kila siku.

Kilichonishika si hilo. Kilichonishika ni jambo ambalo wengi hulipita: hati hiyo inaongeza kwamba si lazima kuyatumia maneno hayo kabisa. Sharti linaweza kuandikwa kwa maneno ya kawaida na likabaki sharti. Yaani watu waliokaa kurekebisha maana ya herufi kubwa, ndani ya hati hiyohiyo, wanakukumbusha kwamba sentensi iliyoandikwa vizuri haiihitaji.

Niliisoma sehemu hiyo nikiwa kwenye daladala, na nusura nipitilize kituo.

Watu wa Perl nao wana desturi ya zamani ya aina hii. Perl ni lugha, perl ni programu inayoiendesha. Kuna hata msemo wao kwamba perl pekee ndiyo inayoweza kuichambua Perl, na kwenye maswali yao ya mara kwa mara wanakuonya usiandike PERL kamwe. Kwa Git ni vivyo hivyo: mfumo ni Git, amri ni `git`. Mwenye kuzoea anaona tofauti bila kuitafuta. Mgeni haoni kitu. Anadhani mwandishi alikuwa na usingizi.

## "P kubwa, jamani!"

Basi tuiachie mashine? Ndilo wazo la pili linalokuja kwenye kila kikao, na kwa muda mrefu nilikuwa mshabiki wake.

WordPress walijaribu mwaka 2010. Toleo la 3.0 lilikuja na kazi ndogo (function) ndani ya msimbo wake iitwayo `capital_P_dangit`, jina ambalo kwa Kiswahili ningelitafsiri kama kichwa cha sehemu hii. Ilikuwa inapita kwenye vichwa vya habari, makala na maoni, na kila ilipokuta "Wordpress" ikaandika "WordPress" bila kumuuliza mtu. Nia njema kabisa. Hilo ndilo jina lao.

Tatizo ni kwamba maandishi si maneno tu. Mtu aliyekuwa ameweka picha zake kwenye folda yenye jina Wordpress akakuta anwani za picha nazo zimesahihishwa, na kwenye seva inayotofautisha herufi, folda yenye P kubwa haipo. Malalamiko yakawa mengi, na kazi hiyo ikaja kufundishwa kuwa mwangalifu zaidi, isiguse kila inachokikuta.

Jambo hili la seva linatupata hata sisi tusiotumia WordPress. Kwa kawaida macOS na Windows hazijali kama faili inaitwa `Usakinishaji.md` au `usakinishaji.md`, utaipata tu. Linux inajali. Mwandishi anajaribu kiungo kwenye kompyuta yake, kinafunguka, anafurahi. Kikifika kwenye seva, msomaji anapata 404, ujumbe kwamba ukurasa haupo. Ukiangalia kwa haraka huoni kosa liko wapi, maana jina ni lilelile.

(Na kama umewahi kujiuliza kwa nini README, faili ya maelezo ya mwanzo, hupigwa kelele hivyo: katika ASCII, orodha ya namba ambazo kompyuta huzipa herufi, herufi kubwa hutangulia ndogo zote, A ikiwa namba 65 na a namba 97. Kwenye orodha ya zamani ya faili, README ilikaa juu ya zile zenye majina madogo. Ukubwa ule ulikuwa na kazi.)

Siku hizi kuna zana za kukagua maandishi zenye akili kuliko ile ya WordPress. Tunayoitumia inaitwa Vale, ni ya chanzo huria, unaiandikia sheria zako kwenye YAML nayo inapita kwenye nyaraka kila mtu anapoleta mabadiliko. Haibadilishi kitu, inanong'ona tu. Inajua kuruka vipande vya msimbo. Imetuondolea Github, Javascript, Postgresql, NodeJS na MacOS, maneno ambayo mwenye jina alishasema jina lake na hakuna cha kujadili.

Ila Service na service haiwezi. Haiwezi kujua ulikuwa unafikiria nini.

## Sikio

Wiki ile nikawa nasoma miongozo ya wengine. Mwongozo wa uandishi wa Kubernetes wenyewe unatenganisha: ukizungumzia kitu cha API (yaani aina iliyofafanuliwa ndani ya Kubernetes, kama Service) kwa jina lake, liandike kama lilivyo kwenye API, HorizontalPodAutoscaler bila kulikatakata, ukizungumza kwa ujumla, andika kama neno la kawaida. Ni busara. Ningeunukuu kwenye mwongozo wetu, nikafunga mjadala, nikalala.

Halafu nikaikumbuka sauti ya yule binti.

"Hii Service na hii service." Bila skrini, swali lile halina maana. Kwa sikio ni neno moja limetamkwa mara mbili. Alihitaji kishale ili niweze kumwelewa.

Sasa fikiria ile saa nane usiku. Mfumo wa malipo umelala, watu wawili wako kwenye simu, mmoja anasoma utaratibu wa dharura kwa sauti na mwenzake anachapa. "Futa service ya malipo, uiunde upya." Futa ipi? Moja ni maelekezo ya njia, ukiifuta unakata mawasiliano ya kila anayeitegemea. Nyingine ni programu ambayo pengine inahitaji tu kuanzishwa tena. Herufi ipo kwenye ukurasa, lakini anayechapa hauoni ukurasa.

Na wapo wasiouona ukurasa hata mchana. Programu za kuwasomea wasioona, zikisoma aya moja kwa moja, kwa kawaida hazikutangazii kwamba S hii ni kubwa. Msanidi asiyeona anapata nyaraka zetu zikiwa zimenyang'anywa tofauti ambayo sisi tumeibishania wiki nzima.

Hapo nilianza kuwa na shaka na mjadala wenyewe, si upande huu au ule.

## Maandishi yasiyo na anasa hiyo

Kijerumani huandika kila nomino kwa herufi kubwa. Kila nomino: mkate, mvua, seva. Mjerumani akitafsiri aya yetu, Service itakuwa na S kubwa kote, si kwa sababu ya Kubernetes bali kwa sababu ya sarufi. Tofauti imezama.

Kichina, Kiamhara, Kiarabu havina herufi kubwa kabisa. Wala hatuhitaji kwenda mbali: Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa, mashairi, barua, mikataba ya biashara ya pwani, bila herufi kubwa hata moja. Kama mwandishi alitaka ujue kwamba anamsema Sultani mmoja na si masultani kwa jumla, alilazimika kuiambia sentensi ifanye kazi hiyo.

Kwa nini sisi tunaiachia herufi moja?

Sisemi herufi kubwa hazina thamani. Neno "Internet" kwa Kiingereza liliandikwa kwa I kubwa miaka mingi kwa hoja nzuri tu: internet yoyote ni mitandao iliyounganishwa, Internet ni ile moja ya dunia nzima. Juni 2016 shirika la habari la Associated Press likaishusha kuwa ndogo kwenye mwongozo wake, na ulimwengu haukuanguka, maana hakuna aliyebaki anayezungumzia ile nyingine. Tofauti ilikufa kabla ya herufi. Kwa Service bado iko hai, na inauma.

## Tulipofikia

Tulikaa, tukabishana, tukaagiza chai. Mwishowe tuliandika mambo machache kwenye mwongozo wetu, na niyaseme kwa lugha ya kawaida.

Majina ya wenyewe, kama GitHub, PostgreSQL, npm na etcd, yaandikwe kama wenyewe wanavyoyaandika, na mashine ikague. Hapo hakuna hisia. Kuhusu kuanza sentensi kwa npm, ambayo wenyewe hawataki iwe na N kubwa, Kiswahili kinatupa njia ya wazi: "Programu ya npm". Geuza sentensi, usibishane na jina. (Ile service yangu ya juu niliiacha makusudi, ili uone inavyosumbua jicho.)

Chochote unachokichapa kwenye kompyuta kikae kwenye maandishi ya msimbo, herufi kwa herufi.

Vipengele vyetu wenyewe, dashibodi na ripoti na foleni, viwe vidogo. Hili lilichukua muda mrefu kuliko yote na sitaeleza zaidi, kwa sababu wahusika wanasoma blogu hii.

Na la mwisho, ambalo kwangu ndilo lenye uzito: pale maana inapoegemea herufi kubwa, herufi kubwa ibaki, lakini isiachwe peke yake. Usiandike "futa Service". Andika "futa kitu cha Service kiitwacho `malipo`". Usiandike "service imeanguka". Andika "programu ya malipo imeanguka". Jaribio ni rahisi: msomee mwenzako sentensi hiyo kwa simu. Akiuliza "ipi?", iandike upya.

Kuna aliyelalamika kwamba sentensi zitarefuka. Zitarefuka kweli. Kwenye ukurasa wa maelezo ya jumla naona hoja yake, na pengine tutalegeza huko. Kwenye utaratibu wa dharura, hapana.

## Tatizo la node

Sheria hiyo imeshapata mtihani wake. Tuna ukurasa mmoja unaoeleza jinsi ya kuweka programu iliyoandikwa kwa Node.js kwenye klasta. Humo ndani kuna Node.js, ambayo ni mazingira ya kuendeshea JavaScript. Kuna `node`, amri yake. Kuna Node, kitu cha API cha Kubernetes. Na kuna node, mashine yenyewe ambayo Pod zinakaa juu yake. Vitu vinne, na ukivisoma kwa sauti unapata karibu silabi zilezile kuanzia mwanzo mpaka mwisho wa ukurasa.

Vale inapita humo bila kulalamika. Kila herufi iko mahali pake.

Nimependekeza ile ya nne tuiite "mashine" na tuachane na node ndogo kabisa. Ombi la mabadiliko liko wazi tangu wiki iliyopita. Maoni ya mwisho chini yake ni ya mhandisi wetu wa mifumo, anayeuliza kama "mashine" inatosha wakati node zetu zote ni mashine pepe zilizokaa juu ya mashine za mtu mwingine, ambazo nazo kwenye ukurasa wa jirani tumeziita mashine. Sijamjibu. Ana hoja.